Kinyemela Jikoni

Mteja aliyekuja kuchukua makochi yake Alhamisi ile alikuwa mwalimu wa shule, mama mnene mcheshi. Kabla hata hajakagua mishono alimkazia Fundi macho, akakunja ngumi zote mbili, kisha akazifumbua ghafla mbele ya uso wake huku amevimbisha mashavu. Buum! Fundi hakulisikia neno, aliliona midomoni. Mwalimu akacheka mpaka akashika kiuno.

Fundi akatabasamu, kama anavyotabasamu mtu anayetaniwa utani asioujua. Masikio yake yalikufa akiwa na miaka tisa, baada ya homa ya uti wa mgongo, na tangu hapo alijifunza kwamba watu wakicheka, njia ya mkato ni kucheka nao kwanza ukauliza baadaye. Mara nyingi hiyo baadaye haikuja. Safari hii aliinua kidevu kuuliza: kuna nini?

"Si wewe yule?" Mwalimu alisema, akatoa simu mkobani. "Dada Kiziwi! Nyumbani kwangu wote wanakupenda. Tunacheka mpaka machozi."

Fundi aliweka chini bastola ya kupigilia pini kwenye vitambaa vya makochi, akajifuta chembe za sponji mikononi, akaichukua ile simu.

Alijiona. Uso wake ulikuwa ndani ya kiduara kwenye kona ya kioo cha simu, ncha ya ulimi nje kidogo, kama afanyavyo akizama kwenye kazi. Sehemu yote iliyobaki ya kioo ilikuwa jiko. Alilifahamu jiko lile tofali kwa tofali, kwa sababu alilijenga yeye, ndani ya mchezo wa kompyuta. Mtu fulani alikuwa akipanga rafu ukutani, na mtu huyo alikuwa yeye. Nyuma yake, mlangoni, kitu cha kijani kikaingia. Hakikuwa na haraka. Maandishi makubwa mekundu yakatokea juu yake: ANASIKIAA? HASIKIIII! Kisha mwanga mweupe, moshi, na jiko likawa shimo. Ndani ya kiduara uso wake ulishtuka, macho yakamtoka, mdomo ukabaki wazi. Video ikarudia mdomo ule wazi mara tatu, polepole, na kila mara aliyeitengeneza alimwongezea masikio ya punda.

Jina la video lilikuwa: DADA KIZIWI NA KINYEMELA, LEO NI JIKONI!

"Umeona?" Mwalimu aliuliza, bado anacheka.

Fundi alimrudishia simu. Alimsaidia kupakia makochi kwenye gari, akafunga kamba, akakaza fundo. Mwalimu alipoondoka, Fundi alirudi ndani ya karakana, akakaa juu ya fremu ya kochi lisilo na springi.

Mchezo wenyewe ni dunia iliyotengenezwa kwa matofali matupu. Udongo ni matofali, mti ni matofali, hata mawingu. Unachimba, unakata, unajenga unachotaka, na hakuna wa kukudai kibali. Lakini dunia hiyo ina adui ambaye wachezaji walimbatiza Kinyemela. Ana rangi ya mkate ulioota kuvu. Hana mikono wala silaha, na hatua zake hazina kishindo. Anakuja nyuma yako taratibu, kama jirani anayekuja kuomba chumvi, na akikukaribia anafoka, fssss, kama tairi lililochomwa msumari. Kisha analipuka, na ulichojenga hapo kinageuka shimo. Kufoka kule ndiyo onyo pekee. Mwenye masikio husikia, huruka kando, na Kinyemela hupoa. Asiyesikia analo.

Ndiyo maana Fundi hakuwahi kucheza peke yake. Masikio yake alikuwa mdogo wake, kitindamimba wa mama yao, ambaye kila mtu alimwita Kitinda ingawa sasa alikuwa na ndevu. Jioni walikaa bega kwa bega sebuleni, kila mmoja na kompyuta yake, na Kinyemela akifoka, Kitinda alimgusa dada yake bega: la kushoto kama yuko kushoto, la kulia kama yuko kulia. Ulikuwa mpango wao. Fundi alikuwa akiwaambia watu kwamba mdogo wake ni mvivu wa kuosha vyombo lakini ana moyo wa dhahabu.

Na alichokuwa anajenga humo hakikuwa kasri wala mnara. Ilikuwa nyumba ya baba yao. Baba alipofariki, ndugu zake waliiuza kabla matanga hayajaisha vizuri, na aliyeinunua aliibomoa akajenga ghala. Kitinda alikuwa bado ananyonya wakati huo. Hakumbuki hata rangi ya mlango. Lakini Fundi aliikumbuka yote, kwa sababu ndiyo nyumba pekee aliyowahi kuishi akiwa anasikia. Mvua aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa mvua ya bati lile. Kikohozi cha baba kilikuwa cha ukumbi ule. Na jiko la mama, lililoshuka vidato vitatu kutoka ukumbini, lilikuwa na mlango uliolia kama paka aliyekanyagwa mkia. Hayo yote alimweleza Kitinda kwa mikono, jioni moja baada ya nyingine, huku wakijenga.

Katika miezi ya karibuni jiko lililipuka tena na tena. Kila mara Kitinda alijipiga kifuani: "Samahani, dada. Sikumsikia. Nilikuwa naangalia simu." Na Fundi akamwambia, usijali, ajali haina kinga, tutajenga upya. Mara moja alimwona analengwa na machozi, akamkumbatia yeye.

Akiwa pale juu ya fremu, alikumbuka kumbatio lile, na hasira ikampanda kama maziwa yanayochemka.

Alichukua simu yake akaitafuta ile video. Haikuwa moja. Zilikuwa nyingi, zimepangwa kama shanga, na kila moja ilikuwa na uso wake, uliochukuliwa kwa siri na kamera ya kompyuta yake. Sebuleni. Ukumbini. Chumba cha baba. Katika mojawapo Kitinda alionyesha watazamaji jinsi alivyomvuta Kinyemela kutoka porini kwa kujifanya chambo, akamwingiza kwa mlango wa nyuma aliouacha wazi makusudi, akanong'ona kitu kwenye kamera, kidole mdomoni, kana kwamba kulikuwa na haja ya kunong'ona.

Chini ya video watu walimwaga vicheko. Lakini mtazamaji mmoja aliandika: "Mbona humwashii maandishi ya sauti? Mchezo unayo. Kinyemela akifoka, yanaandikwa hapo chini."

Kitinda alimjibu kwa jina alilojipa mtandaoni, Baruti: "Nyamaza wewe, nilishayazima zamani! Unataka kuniua njaa?"

Fundi alisoma mara ya kwanza, akasoma mara ya pili. Kisha alisimama, akafunga karakana kabla ya wakati, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya mafua.

Seremala, mzee wa karakana ya jirani anayemtengenezea fremu, alitoka na randa mkononi. Alizoea kusimama mbele yake penye mwanga kabla ya kusema. "Unaumwa, mwanangu?"

"Hapana," Fundi alijibu kwa mikono. "Nimekasirika."

"Na nani?"

Fundi alimwonyesha simu. Seremala aliangalia video moja mpaka mwisho. Hakucheka. Aliirudisha simu kwa vidole viwili, kama mtu anayerudisha nepi chafu.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Fundi aliwasha kompyuta yake, akaingia mahali ambapo hakuwahi kuingia, kwenye mipangilio ya mchezo. Siku zote alimwachia Kitinda mambo hayo, kwa kuwa Kitinda ndiye aliyeshinda kwenye ukumbi wa michezo ya kompyuta na alijua kila kitufe. Alishuka mstari kwa mstari. Akakuta: Maandishi ya sauti. Yamezimwa.

Akayawasha.

Alirudi ndani ya nyumba ya baba yake, kwenye ukumbi, na kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha pale chini, kwenye kona, maneno madogo meupe yakachomoza: Mvua inanyesha. Aliangalia juu. Kweli, matone yalikuwa yakishuka nje ya dirisha. Alisogea. Nyayo juu ya mbao. Akashuka vidato vitatu, akasukuma mlango wa jiko. Mlango unalia.

Fundi alifungua mlango ule na kuufunga. Mlango unalia. Akafungua tena. Mlango unalia. Alikaa hapo kwenye kiti cha sebuleni, mwanamke mzima mwenye mikono iliyokakamaa kwa gundi, akifungua na kufunga mlango wa matofali, na machozi yakamdondokea kwenye vitufe. Nyumba ilikuwa na sauti. Siku zote ilikuwa ikisema, na mtu aliyeiziba mdomo alikuwa akila naye sahani moja.

Huzuni ile haikudumu. Ilikauka upesi, na kilichobaki chini yake kilikuwa kigumu kama msumari.

Kitinda alirudi na Mama saa za chakula. Mama alikuwa mpishi wa shule, mwenye miguu inayovimba jioni; alikaa, akavua viatu, akaona sura ya binti yake.

"Kuna nini?"

Fundi aligeuza kompyuta ili Kitinda aone zile herufi nyeupe kwenye kona.

Kitinda alizitazama. Uso ukamwiva, ukapoa, kisha akatoa lile tabasamu lake la kuombea nauli. "Ah, dada. Kumbe umeyaona. Nilikuwa nataka kukuonyesha."

"Lini?" Fundi aliuliza kwa mikono, kwa kasi kiasi kwamba Kitinda alilazimika kuangalia vizuri.

"Si utani tu? Watu wanakupenda. Ungejua wangapi wanakuangalia! Wewe ni nyota, dada. Ukienda mjini watakuomba picha."

"Umenitia masikio ya punda."

"Hiyo ni mbwembwe tu ya video."

"Jiko la Mama. Chumba cha baba. Nilikusimulia wewe. Ukaenda kumfungulia mlango."

"Ni matofali ya kompyuta!" Kitinda alisema, na sasa alisema kwa mdomo tu, bila mikono, haraka haraka, kama anavyofanya akitaka asieleweke. Fundi alimshika kidevu akamgeuzia kwenye taa. Kitinda akamwondoa mkono. "Nimesema ni matofali ya kompyuta! Hakuna aliyekufa! Wewe una karakana yako, watu wanakuita fundi. Mimi nina nini? Nimepata kitu kimoja, kimoja tu, watu wananijua. Jumamosi ukumbi umejaa, wanakuja kutuona mimi na wewe kwenye kioo kikubwa. Nimeshatangaza. Utaniangusha?"

"Jumamosi uliniambia ni mashindano."

Kitinda akamgeukia Mama.

Mama aliwatazama wote wawili. Lugha ya mikono hakuijua sana, maneno ya nyumbani tu: kula, lala, njoo, pole. Mengine alibahatisha. "Acheni kugombana kwa ajili ya mchezo," alisema, akimgeukia Fundi polepole ili amsome. "Mdogo wako hatimaye ana cha kufanya. Wewe ni mkubwa. Mkubwa ni jalala, mwanangu, kila taka inatupwa kwake."

Fundi angeweza kumweleza, lakini methali ile ilimtosha. Jalala! Aliinuka, akaenda kulala bila kula, na hakulala.

Jumamosi mchana alivaa gauni lake la buluu akaenda. Seremala alimsindikiza bila kualikwa. "Nataka kuona kioo kikubwa," alisema, ingawa kila mtu alijua hata televisheni humchosha.

Ukumbi ulikuwa ghorofa ya kwanza juu ya duka la vipuri, madirisha yamezibwa kwa karatasi nyeusi, kompyuta zimepangwa kwenye meza ndefu, viti vya plastiki vimejaa. Ukutani kulikuwa na kioo kipana kama kitanda. Fundi alipoingia, watu walisimama. Aliona midomo ikisema jina lile: Dada Kiziwi, Dada Kiziwi. Wawili watatu walifumbua viganja kama mwalimu. Buum.

Kitinda alikuwa amevaa fulana yenye sura ya Kinyemela. Alipomwona dada yake, akashusha pumzi, akamkumbatia mbele ya watu. "Asante," alimwambia kwa mikono. "Nilijua hutaniangusha."

Wakakaa kwenye kompyuta za ukumbi, alizoziandaa Kitinda mwenyewe. Nyumba ya baba ikatokea kwenye kioo kikubwa, na moyo wa Fundi uliruka, maana hakuwahi kuiona kwa ukubwa ule. Jiko alikuwa amelimalizia Ijumaa jioni, peke yake, zikabaki rafu tu. Aliweka mikono kwenye vitufe. Lakini hakuingia jikoni. Alifungua mipangilio.

Kitinda ndiye aliyeona kwanza. Alimgusa bega, la kulia. Fundi hakugeuka. Akashuka mstari kwa mstari, na ukumbi mzima ukashuka naye kwenye kioo, mpaka kwenye maandishi ya sauti. Yamezimwa. Aliacha maneno yale yakae hapo kila mtu ayasome. Kisha akayawasha, akaingia jikoni, akaugeukia ukuta na kuanza kupanga rafu, kama kwenye video zote.

Alisubiri. Kwa zile video alijua kwamba Kitinda alikuwa amekwisha kumfunga Kinyemela mmoja nyuma ya nyumba kwa ajili ya onyesho. Kazi ya kumfungulia alipewa mtunza ukumbi, aliyeketi kwenye kompyuta nyingine, naye bila kushtukia kitu akabonyeza kitufe. Mlango unalia, kona ikaandika. Kisha: Kinyemela anafoka.

Fundi akaruka hatua mbili kando. Kinyemela akasimama, akapoa. Akamsogelea tena, kona ikaandika tena, Fundi akaruka tena, akapanda vidato, akatoka ukumbini mwa nyumba, akazunguka nje, na yule kiumbe akimfuata kama mbuzi anayefuata majani. Akampeleka mbali, bondeni, mahali pasipo na tofali lililojengwa na mtu. Hapo akasimama, akamsubiri, akamwacha afoke mpaka mwisho. Mwanga mweupe. Shimo kwenye majani. Basi.

Watu walikuwa kimya, au ndivyo midomo yao ilivyoonekana. Fundi alisimama akawageukia. Halafu akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya mbele ya wageni tangu alipokuwa msichana, tangu watoto wa shule walipomwiga wakisema anaongea kama mtu aliyemeza kitambaa. Alifungua mdomo akasema kwa sauti yake.

"Hii nyumba," alisema, "ni ya baba yangu. Ilibomolewa. Nimeijenga kwa kichwa changu. Haya maandishi yapo kwenye mchezo kwa ajili ya watu kama mimi. Huyu ni mdogo wangu, tumbo moja. Aliyazima kwa mkono wake. Alikuwa masikio yangu, na aliyauza ili ninyi mcheke." Hakujua sauti yake ilikuwa juu au chini. Alihisi tu koo likiungua. "Mmecheka sana. Mlidhani Kinyemela ni yule wa kijani."

Kijana mmoja mstari wa mbele alicheka, mkono mdomoni, mabega yakitikisika. Labda ilikuwa sauti, labda aibu. Fundi alimtazama mpaka mabega yakatulia. Kisha akachukua mkoba wake akatoka. Ngazini alimwona Seremala nyuma yake, macho mekundu, akitukana peke yake matusi ya kizamani ambayo Fundi aliyasoma yote na akafurahi kuyasoma.

Mtu anaweza kudhani mambo yaliishia hapo, mwovu akaaibika, mwenye haki akashinda. Dunia haiko hivyo. Kabla jua halijazama, hotuba ile ilikuwa mtandaoni. Aliyeirekodi aliipa jina: DADA KIZIWI AFOKA! Wengine walimpongeza, wengine walimwiga ile sauti. Mtu aliikata sentensi ya mwisho akaitia muziki. Jumatatu mteja mpya alikuja na sponji zake akamwomba aseme, tafadhali, mara moja tu, ile ya yule wa kijani. Fundi alimrudishia sponji zake. Siku hiyo alivunja bastola mbili za pini kwa kuzibana mno.

Na Kitinda? Kitinda alishinda siku kadhaa akipita ukutani kama mwizi nyumbani kwao. Video hakuzifuta. "Nikizifuta sasa nitakuwa nimekubali kosa," alimwambia Mama, na Mama akamwambia Fundi kwa karatasi, kwa mwandiko wake wa mpishi: Umemwaibisha mdogo wako mbele za watu. Yangezungumzwa ndani.

Fundi aliichana karatasi ile vipande vipande mbele ya mama yake. Hakuwahi kumfanyia hivyo mzazi. Mama aliondoka analia, na Fundi hakumfuata.

Aliyelitatua tatizo ni Seremala. Alikwenda kwenye lango la shule wakati wa mapumziko, akamkuta Mama amekaa nje ya jiko lake anachambua mchele, akavuta gogo akakaa. "Shemeji," alimwambia, ingawa hawakuwa na undugu wowote, "umewahi kuiona hiyo video?"

"Ya nini? Ni michezo ya vijana."

"Itazame moja. Moja tu. Kisha unifukuze."

Mama aliweka ungo chini akavaa miwani. Seremala alimchezea ile ya jikoni. Mama alitazama bila kusema. Aliona rafu zikipanda ukutani, dirisha dogo lililoelekea kwenye tangi la maji, vidato vitatu, kile kijukwaa cha saruji alichokuwa akikalia kumenya vitunguu, ambacho mume wake alikijenga kikaenda upande na hawakukirekebisha kamwe. Fundi alikuwa amekijenga upande vilevile. Kisha vyote vikalipuka, na uso wa binti yake ukabaki mdomo wazi, na masikio ya punda.

"Rudisha nyuma," Mama alisema.

Seremala akarudisha. Mama hakuangalia mlipuko. Aliweka kidole kwenye kile kijukwaa. "Hili ni jiko langu," alisema. "Amekumbuka hata kupinda kwake." Akavua aproni.

Alimkuta Kitinda nyumbani, kwenye kochi, miguu juu. Fundi alikuwa amerudi kuchukua kitambaa, kwa hiyo aliyaona yote akiwa mlangoni. Mama alisimama juu ya mwanawe na hakumpa nafasi ya kukaa vizuri. Alisema polepole, uso umegeukia upande wa Fundi kidogo, ili Fundi naye asome.

"Lile ni jiko langu. Ulikulia mgongoni kwangu mle ndani. Dada yako hakuwa anacheza, alikuwa ananirudishia nyumba, na mimi nilikuwa mjinga kiasi cha kutogeuza shingo niangalie. Hilo ni langu, nitalibeba. Lakini wewe uliangalia. Ulijua ni nyumba ya nani, ukamwingiza yule jini kwa mlango wa nyuma, si mara moja. Futa."

"Mama..."

"Futa nikiona."

Alifuta, moja baada ya nyingine, Mama amesimama juu yake na miwani puani. Zile ambazo wengine walikwisha kuzichukua hazikufutika. Zinazunguka mpaka leo. Alipomaliza, alikusanya nguo zake kwenye begi akaenda kukaa na mwenzake wa ukumbini. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemzuia.

Jioni hiyo Mama alivuta kiti akakaa karibu na Fundi mbele ya kompyuta. Alitazama kwa kitambo, akaguna, akaonyesha kwa kidole. "Tangi halikuwa hapo. Lilikuwa huku." Fundi akakataa kwa kichwa. Mama akasisitiza. Waligombania tangi mpaka chakula kikapoa, na Mama akiishiwa maneno ya mikono aliyabuni mengine, ya ajabu ajabu, moja likifanana sana na tusi.

Mwezi ulipita. Asubuhi moja Fundi alikuwa anahangaika peke yake kutoa kochi la watu watatu mlangoni, limekwama kwenye fremu ya mlango, ghafla upande wa pili ukawa mwepesi. Kitinda alikuwa ameshika. Alikuwa amekonda. Walilitoa, wakaliweka juu ya mkokoteni, wakasimama pande mbili za kochi wakihema.

Kitinda alifuta jasho, kisha akainua mikono. Alikuwa amejiandaa, ilionekana. Ishara zilikuwa safi, za darasani, si zile zao za nyumbani. Alisema alikuwa anajifunza. Alisema alikosa. Alisema hajui alianzaje, kwamba mara ya kwanza kweli hakumsikia yule Kinyemela, ilikuwa ajali, na watu walicheka, na baada ya hapo kila siku alijiambia kesho ataacha.

Fundi alimwacha amalize. Alitafuta ndani yake kama huruma ipo, akaikuta ipo, lakini imekaa mbali, nyuma ya vitu vingi. Mbele yake bado palikuwa na masikio ya punda.

"Bado sijamaliza kukasirika," alimwambia kwa mikono.

Kitinda akatikisa kichwa kukubali. "Utamaliza lini?"

"Sijui. Nikimaliza nitakwambia." Fundi alishika kamba ya mkokoteni, akaikaza. "Shika nyuma. Kuna mtelemko, na mteja anasubiri."